Tumeandika ‘kisukari’, wagonjwa wanatafuta ‘sukari’

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alinipigia simu alfajiri, hata chai sijainywa. Dada ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi kijijini kwetu, na kwa miaka tisa sasa amekuwa akiugua kisukari. Usiku huo alikuwa amejipima kwa kile kifaa chake kidogo, akaona nambari iliyomtia hofu. Zahanati ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nimelala, simu yake ya kwanza sikuisikia. Basi akafanya wanavyofanya Wakenya wengi siku hizi. Aliishika simu yake akaandika kwenye Google: “sukari imepanda nifanye nini”.

Kurasa za kwanza alizoletewa zilihusu bei ya sukari madukani. Dada anasema alicheka, japo alikuwa na wasiwasi. Alipoteremka chini kidogo, akakutana na ukurasa wa muuzaji wa unga wa mitishamba. Akausoma wote, kuanzia mwanzo hadi nambari ya kulipia.

“Ndugu yangu, nimepata dawa,” akaniambia. “Nitumie elfu nne na mia tano kwa M-Pesa, halafu niachane na hizi tembe.”

Nilimsihi asiache tembe zake na aende zahanati asubuhi hiyo hiyo. Namshukuru Mungu, alikwenda, akahudumiwa. Kisha nikamwomba anitumie ule ukurasa. Kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini ni kusoma maandishi ya watu na kuyapima. Leo basi, mpenzi msomaji, niwie radhi nikiiweka kando riwaya niliyokuwa nimeiahidi, niuhakiki ukurasa wa tovuti.

Ukurasa wenyewe ulianza hivi, nami nabadilisha maneno machache ili mwenyewe asitambulike: “Dawa ya sukari Kenya ni dawa bora ya sukari. Je, unatafuta dawa ya sukari? Dawa hii ya sukari imesaidia wagonjwa wa sukari ambao sukari imepanda.” Nilichukua kalamu nikahesabu. Katika aya sita fupi, neno ‘sukari’ lilijitokeza mara thelathini na moja. Hakukuwa na hata sentensi moja iliyoeleza unga huo umetengenezwa kwa nini, nani ameupima, wala unafanyaje kazi mwilini.

Mwanafunzi wa fasihi angekimbilia kusema kwamba hii ni takriri. Hapana. Katika ushairi wetu kibwagizo hurudiwa mwishoni mwa kila ubeti, ila ubeti unaokitangulia huwa umesema jambo jipya, hivyo kibwagizo kile kile hurejea kikiwa na uzito mwingine. Takriri ya aina hiyo humlenga msikilizaji. Takriri ya ukurasa wa unga haikumlenga mwanadamu hata kidogo. Ililenga mtambo. Aliyeandika alikuwa amefundishwa kwamba mtambo wa utafutaji huhesabu maneno, na anayelitaja neno mara nyingi ndiye anayetangulizwa.

Sasa, ingekuwa rahisi kwangu kuishia hapo, nimkemee mlaghai na nifunge safu. Lakini niliamua kufanya jaribio. Niliitafuta tovuti ya hospitali moja kubwa ambayo nilijua ina maelezo ya Kiswahili kuhusu ugonjwa huo huo. Nikayapata, tena maelezo mazuri, yaliyoandikwa na watu wanaojua wanachokisema. Kichwa chake kilikuwa “Udhibiti wa Viwango vya Glukosi kwa Wanaoishi na Kisukari”. Nilisoma ukurasa mzima. Hakuna mahali palipoandikwa ‘sukari imepanda’. Hakuna mahali palipoandikwa ‘ugonjwa wa sukari’. Swali ambalo dada yangu aliliuliza saa nane usiku lilikuwa limejibiwa vizuri sana, ila kwa maneno ambayo yeye asingeyaandika kamwe.

Hapo ndipo nilipojikumbuka. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusahihisha kijitabu cha afya cha Kiswahili. Waliokiandika walikuwa wauguzi. Wao waliandika ‘ugonjwa wa sukari’, ‘presha’, ‘kansa ya matiti’, ‘TB’. Mimi, kwa kalamu yangu nyekundu, nikakata kila moja na kuandika juu yake ‘kisukari’, ‘shinikizo la damu’, ‘saratani ya matiti’, ‘kifua kikuu’. Nilisahihisha nikaridhika. Muuguzi mmoja aliniuliza kwa adabu, “Lakini Prof, wagonjwa wetu watajua hili ni lile lile?” Nikamjibu kwamba watazoea. Sijui ni wangapi walizoea. Najua kwamba dada yangu mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi, akishikwa na hofu usiku hasemi ‘kisukari’. Anasema ‘sukari’.

Ili tuelewe kwa nini kosa hilo lina gharama kubwa zaidi mtandaoni kuliko kijitabuni, hebu tuangalie jinsi mitambo hii inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani kwamba unapoandika swali, Google huanza kukimbia dunia nzima ikipekua kurasa. Sivyo. Kurasa huwa zimesomwa mapema, na kutokana nazo imetengenezwa faharasa, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha kiada. Wanaotumia itifaki ya Biblia wanalifahamu jambo hili vizuri: unatafuta neno ‘chumvi’, unaonyeshwa kila aya lilipo. Faharasa ya mtambo ni itifaki ya mabilioni ya kurasa. Kwa msingi huo, ukurasa usiokuwa na neno la mtafutaji, wala neno lililo jirani yake, huwa kwenye hatari ya kutoitwa kabisa.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa kurasa elfu moja zina neno hilo, ni upi utangulizwe? Mnamo 1957 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alipendekeza kwamba idadi ya mara ambazo neno linatajwa katika andiko inaweza kuonyesha andiko hilo linahusu nini. Mwaka 1972, Karen Spärck Jones, mtafiti aliyefanya kazi Cambridge nchini Uingereza, akaongeza jambo la hekima: neno linalopatikana katika kila andiko halina msaada mkubwa wa kutofautisha andiko moja na jingine. Kwa Kiswahili tungesema ‘ya’, ‘na’ na ‘kwa’ zimo kila mahali, hivyo uzito wake ni mdogo. ‘Kongosho’ halimo kila mahali, hivyo likitokea lina la kusema. Kisha mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha Google wakitumia wazo kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine, hasa zenye hadhi, umepigiwa kura.

Panapo shindano hapakosi wajanja. Wenye tovuti wakaanza kushindilia maneno. Wengine waliandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili mtambo uyaone na msomaji asiyaone. Wengine walijaza orodha ndefu ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa. Mwaka 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haizingatii orodha hiyo inapopanga kurasa. Mwaka 2012 ikafanya mabadiliko yaliyowashusha hadhi waliokuwa wakishindilia, na hadi leo masharti yake yanautaja ushindiliaji kuwa ni hila isiyokubalika.

Kama ni hivyo, ukurasa wa unga wa mitishamba ulimfikiaje dada yangu? Jibu langu ni kwamba haukupata ushindi kwa ile mara ya thelathini na moja. Ulishinda kwa ile mara ya kwanza. Ulikuwa na maneno yake: ‘sukari’, ‘imepanda’, ‘dawa’. Wenye elimu hawakuwapo kwenye uwanja huo wa maneno. Muuzaji alikimbia peke yake, akawa wa kwanza. Inaniuma kukiri, ila mlaghai yule aliwasikiliza wagonjwa kwa makini kuliko mimi profesa wa lugha.

Kuna kijana niliyemfundisha ambaye sasa anaishi kwa kuandika makala za tovuti za watu. Hulipwa kwa idadi ya maneno. Nilipomwonyesha ukurasa huo alicheka akasema, “Prof, hata mimi huambiwa niandike hivyo. Natumiwa orodha, naambiwa kila neno liingie mara kumi na tano, na nisibadilishe hata herufi.” Akanionyesha mojawapo: ‘daktari meno Nairobi bei nafuu’. Naye alikuwa ameitii amri kama ilivyo: “Iwapo unatafuta daktari meno Nairobi bei nafuu, umefika.”

Nilimuuliza a-unganifu imekwenda wapi. “Mteja alisema Google haisikii hizo ‘wa’, Prof.”

Mteja wake alisikia nusu ya somo. Ni kweli kwamba ‘wa’ ina uzito mdogo katika utafutaji. Lakini ikiwa ina uzito mdogo, basi kuiondoa hakuleti faida yoyote! Anayeandika “daktari wa meno wa bei nafuu jijini Nairobi” ana maneno yale yale yenye uzito, na juu ya hayo ana sentensi ambayo mwanadamu hataona haya kuisoma. Sarufi imevunjwa bure. Na msomaji anayeona ‘daktari meno’ anaanza kujiuliza kama hata huyo daktari ni wa kweli.

Zaidi ya hayo, amri ya ‘usibadilishe hata herufi’ imeagizwa kutoka lugha isiyofanana na yetu. Katika Kiingereza, mabadiliko mengi ya neno hutokea mwishoni, na mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni mashuhuri za kuvikata viambishi hivyo vya mwisho ili mtambo uone kwamba maneno kadhaa ni ya shina moja. Kiswahili chetu hubadilika mbele na nyuma. Chukua kitenzi ‘tibu’. Viambishi vya nafsi viko sita, tuseme tunatumia -na-, -li-, -ta- na -me- pekee: tayari tuna maumbo 24. Tia kauli ya kutendwa, yaani ‘natibiwa’, ‘alitibiwa’, ‘tutatibiwa’, tunafika 48. Bado hatujagusa ukanushi, virejeshi, viambishi vya mtendwa, wala nomino ‘tiba’ na ‘matibabu’. Jino moja linauma, meno mawili yanauma. Kwa mtambo usiojua ngeli, hayo ni maneno manne yasiyojuana. Wapo waliofanya kazi ya kuufundisha mtambo mofolojia hii, mathalani Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini na programu yake ya SALAMA. Lakini mwandishi anayekwamia kwenye umbo moja la neno anajinyima mwenyewe utajiri huu. Anayeandika Kiswahili cha kawaida, kinachotiririka, atajikuta ametaja ‘jino’, ‘meno’, ‘linauma’, ‘yanauma’ na ‘maumivu’ bila kushindilia lolote. Ufasaha, katika lugha yetu, ni mbinu ya kuonekana.

Basi mwandishi afanye nini? Kwanza, asikilize kabla ya kuandika. Aketi kwenye foleni ya zahanati, asimame sokoni, aulize karani wa mapokezi watu husema nini wanapofika dirishani. Neno muhimu ni neno la anayetafuta. Mwandishi halitungi mezani. Mgonjwa haandiki ‘huduma za afya ya kinywa’. Anaandika ‘jino linaniuma’.

Pili, aliweke neno hilo pale linapoonekana: kwenye kichwa, kwenye sentensi za mwanzo, na kwenye kichwa kidogo kimoja au viwili, aghalabu kwa umbo la swali. Baada ya hapo aiache lugha ifanye kazi yake. Akijikuta anahesabu, ajue amepotea.

Tatu, neno la mtaani na neno sanifu viandikwe bega kwa bega: “Kisukari, ambao wengi tunauita ugonjwa wa sukari, hutokea wakati…” Sentensi hiyo moja inamwokota aliyetafuta kwa neno moja na aliyetafuta kwa jingine, kisha inamfundisha kila mmoja neno la mwenzake. Vivyo hivyo kwa ‘saratani’ na ‘kansa’, ‘shinikizo la damu’ na ‘presha’. Mwandishi wa mambo ya teknolojia naye akumbuke kwamba sisi Wakenya tulifundishwa ‘tarakilishi’ shuleni ilhali jirani zetu wa Tanzania husema ‘kompyuta’, na wengi wetu pia tukitoka darasani tunasema ‘kompyuta’.

Nne, maneno yenye maana zaidi ya moja yapewe majirani. ‘Sukari imepanda’ ni habari ya duka na ni habari ya hospitali. Kinachotenganisha habari hizo mbili ni maneno yaliyo karibu: ‘damu’, ‘insulini’, ‘kujipima’, ‘kiu’, ‘kukojoa mara kwa mara’. Ukurasa unaoyataja kwa mpango mzuri unamsaidia msomaji na mtambo kwa pamoja.

Tano, viungo vipewe majina yake. ‘Bofya hapa’ haimwambii mtu kitu. ‘Soma kuhusu lishe ya mwenye kisukari’ inamwambia. Na yale mabango ya afya ambayo idara hupiga picha na kuyabandika kwenye tovuti kama picha tupu, tafadhali yaandikwe pia kwa maneno ya kawaida chini yake. Maneno yaliyo ndani ya picha hupatikana kwa shida, na anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti kwa kuwa haoni mara nyingi hayapati.

Mwenzangu mmoja wa idarani alinipinga nilipomweleza haya. Alisema tunataka kuikabidhi lugha mikononi mwa kampuni ya Marekani, na kwamba miaka mingi ya usanifishaji itakwenda na maji ikiwa kila kosa la mtaani litaingizwa kwenye tovuti. Hoja yake naiheshimu. Ila ‘ugonjwa wa sukari’ si kosa. Ni Kiswahili cha watu walioishi na ugonjwa huo kabla ya kamati yoyote kuuzungumzia. Usanifu ulikusudiwa kuwakutanisha Waswahili wa Lamu na wa Kigoma. Haukukusudiwa kumtenga mgonjwa na daktari wake.

Yule kijana wangu naye alikuwa na pingamizi tofauti. “Siku hizi mashine inajielewa, Prof. Huna haja ya kuitafutia maneno.” Ana sehemu ya ukweli. Tangu 2019 Google imekuwa ikitumia mfumo uitwao BERT, unaojaribu kuelewa neno kwa kuangalia maneno yanayolizunguka. Lakini mashine za aina hiyo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Kama sehemu kubwa ya yaliyopo kuhusu kisukari imeandikwa na wauza unga, mashine itajifunza Kiswahili cha wauza unga. Tunachokiandika leo ndicho itakachojibia kesho.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeufundisha msemo huo miaka mingi bila kuutilia shaka. Ukurasa wa hospitali ulikuwa kizuri, na haukujiuza. Ulikaa kimya kwa jina lisilojulikana na mtu, ilhali kibaya kilitembea hadi kitandani kwa dada yangu usiku wa manane, kikamwita kwa lugha yake.

Wiki mbili zilizopita mimi na yule kijana tuliketi tukauandika upya mwanzo wa ukurasa wa hospitali. Hatukugusa maelezo ya kitabibu hata moja. Hayo si yetu. Tulibadilisha kichwa kikawa “Sukari yako ya damu imepanda? Hatua za kuchukua ukiwa na kisukari”, tukaongeza sentensi mbili, tukawatumia wahusika. Bado hawajatujibu. Nilimsomea dada mwanzo huo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Sasa mbona hamkuandika hivyo tangu zamani?”

Sikuwa na jibu. Kalamu nyekundu bado ninayo, nimeanza kuitumia kwa tahadhari.